Kituo cha treni si onyesho: kupanga maonyesho na sura unapohariri riwaya yako

SWALI: Shikamoo Mhariri. Nimemaliza rasimu ya kwanza ya riwaya yenye maneno yapatayo 92,000 katika sura 14. Inamhusu binti wa mvuvi wa Kibirizi ambaye baba yake alipotea ziwani usiku wa kuvua dagaa, naye anapanda treni kwenda Tabora kumtafuta baba yake mdogo, anayejua kilichotokea. Sura ya tatu, ambayo ni ya safari na ambayo nimeiambatanisha, ina kurasa 41, ilhali sura ya saba ina kurasa 4 tu. Watu wawili niliowapa mswada wamesema walichoka kwenye treni. Je, niikate sura ya tatu mara nne ili sura zilingane? Na je, ni lazima kila sura iishe kwa taharuki?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Usiikate bado. Ukiikata sura hiyo mara nne utapata sura nne za kurasa kumi kumi ambazo zote zinachosha, kwa sababu kilichowachosha wasomaji wako ni yaliyomo ndani ya sura, wala si urefu wake. Sura humhudumia msomaji, kwa kumwonyesha mahali pa kuweka kitabu chini na mahali pa kukishika tena. Mwandishi anayehariri kazi yake mwenyewe anapaswa kupima kwa kitu kidogo kuliko sura, nacho ni kile ambacho watu wa tamthilia hukiita onyesho: kipande cha hadithi kinachotendeka mahali pamoja, kwa muda usiokatika, mbele ya macho ya msomaji, ambacho kikimalizika huwa kimebadilisha jambo fulani katika hali, ujuzi au nia ya mhusika.

Kwa kipimo hicho, nimeisoma sura yako ya tatu mara mbili. Treni inaondoka Kigoma, inasimama Uvinza watu wanazungumzia chumvi, inasimama Nguruka binti anaongea na mama muuza samaki, inasimama Kaliua ananunua asali, inasimama Urambo mkulima mmoja analalamikia bei ya tumbaku, ndipo inafika Tabora. Kurasa hizo zimeandikwa kwa jicho kali, na mimi ninayeishi Tabora nilizifurahia. Hata hivyo, binti anashuka akijua yaleyale aliyoyajua alipopanda, na akitaka lilelile alilolitaka. Umeifuata reli, ukamwacha binti amekaa dirishani. Kituo cha treni hakiwi onyesho kwa sababu tu treni imesimama.

Njia ninayoitumia mimi ni ya mikono. Kabla ya kugusa sentensi hata moja, kata karatasi za manila ziwe vipande vya ukubwa wa kiganja, kisha kila onyesho la riwaya nzima ulipe kipande chake. Andika mahali, wakati, waliopo, anachokitaka mhusika anapoingia, kinachomzuia, na kilichobadilika anapotoka. Pembeni weka idadi ya maneno. Mstari wa mwisho ndio utakaokutoa jasho. Usipopata la kuandika hapo, huna onyesho: una maelezo, ambayo huenda yakatoshea katika aya moja ya muhtasari, au yaunganishwe na onyesho jingine, au yaondolewe. Yaliyoondolewa yahifadhi katika faili la peke yake, maana mara nyingi sentensi mbili tatu kati yake hurudi mahali pengine. Tandika vipande vyote sakafuni kwa mpangilio wa rasimu, kisha ondoa kimoja kimoja na ujiulize kama vinavyofuata vitayumba.

Nilipofanya hivyo kwa sura yako, mama wa Nguruka na mkulima wa Urambo walionekana wazi kuwa ni mtu mmoja aliyegawanywa, kwani wote wawili wanamdokezea binti kwamba baba yake alikuwa na deni. Mwache mama, kwa kuwa anauza samaki na ana sababu ya kuwajua wavuvi. Mkulima abaki abiria wa kupita. Uvinza na Urambo ziwe sentensi chache za mwendo. Kaliua, ambayo umeipa kurasa tatu za asali, ndiyo iliyostahili nafasi kubwa, kwa sababu hapo ndipo reli ya Mpanda inapochepuka. Mpe binti, kabla ya kufika hapo, sababu nzito ya kuamini kwamba huyo baba yake mdogo hayuko Tabora bali Mpanda, na hapo hapo sababu ya kumtilia shaka aliyemwambia. Treni ikisimama, analazimika kuchagua, fedha ya nauli ya pili hana, na muda ni ule wa treni kukaa kituoni. Sasa mahali penyewe panamlazimisha mhusika kutenda, na huwezi kulihamishia onyesho hilo Nguruka bila kuliharibu. Mimi hulipima kila onyesho kwa swali hilo: je, lingeweza kutokea kwingine bila hasara yoyote?

Mstari wa wakati waandishi wengi huuruka, nawe umeuruka. Umeandika kwamba baba alipotea usiku wa mbalamwezi iliyojaa. Wavuvi wa dagaa huwavuta samaki kwa taa, kwa hiyo usiku wao ni wa giza. Mwezi ukiwa mpevu wengi hupumzika na kushona nyavu. Msomaji wa Kibirizi atasimama kwenye sentensi hiyo, asiiamini tena riwaya yako. Unaweza kuufuta mwezi, na kazi itakwisha kwa dakika moja. Ningekuwa mimi nisingeufuta. Ningeuacha, nikamfanya binti mwenyewe, ambaye ni mtoto wa mvuvi, agundue kwamba usiku ule hapakuwa na uvuvi, na kwamba baba yake aliingia ziwani kwa jambo lingine. Hilo ndilo linaloweza kujaza ule mstari wa mwisho wa onyesho la Nguruka, ambao kwa sasa ni mtupu.

Kuna pia mbinu rejeshi, yaani kipande kinachorudi nyuma kusimulia yaliyopita, ya kurasa 16 uliyoiweka treni ikiwa imesimama Uvinza. Imekuja mapema mno: unajibu swali ambalo msomaji hajaliuliza. Ihamishe baada ya Kaliua, iwe sura inayojitegemea, wakati ambapo msomaji anautaka usiku ule wa ziwani kuliko anavyoitaka Tabora.

Baada ya hapo ndipo ugawe sura. Kata panapobadilika wakati, mahali au mtazamo wa msimulizi, lakini si kila panapobadilika, kwani mabadiliko madogo yanatoshwa na mstari mtupu au nyota tatu katikati ya ukurasa. Kuhusu taharuki, wengi wetu tulilelewa na hadithi za magazetini, ambazo kila toleo lilikatwa pabaya makusudi na kumalizika kwa neno «Itaendelea», kwa kuwa mhariri wa gazeti alitaka tununue la wiki ijayo. Mwenye kitabu mkononi ameshakinunua. Katika mswada wangu wa kwanza, mtu aliyenisaidia kuuhariri alihesabu sura zilizoishia kwa hodi mlangoni, akapata tisa, na tangu siku hiyo nauogopa mlango. Sura inaweza kukoma baada ya mhusika kuchagua na kabla ya matokeo kujulikana, kama pale Kaliua binti anaponyanyua begi lake, nasi hatujui analirudisha kwenye kiti au anashuka nalo. Inayofuata inaweza kuishia kwa utulivu kabisa, mradi imeacha swali jipya wazi. Taharuki mbili zikifuatana, ya pili hupungua nguvu.

Urefu wa sura hauna kanuni, na kulingana si sifa. Sura ya saba, ile ya kurasa nne ambayo mama yake binti anakunja nyavu za marehemu bila kusema neno, kama ndivyo ulivyoieleza katika muhtasari wako, iache ilivyo.