Mali Hana, Ukumbi Umelipiwa

Mhariri, swali lenu la wiki, "Ni wimbo gani maarufu tunaoucheza sana bila kuusikiliza?", limemfikia mtu ambaye ugali wake unatokana na kosa hilohilo. Huu ni mwaka wa 19 nakodisha muziki wa harusi hapa Mbeya. Spika zangu zimeshafika Mwanjelwa, Tukuyu, Kyela, hata Makambako. Nikiwa nyuma ya mashine nawaona watu wazima, wenye akili zao, wakicheza kwa raha zote wimbo unaowasema wao wenyewe.

Za Kilingala naziweka kando, kwa hizo tunasamehewa. Tulipokuwa wadogo pale Uyole, kwenye njia panda ya kwenda Malawi, "Mario" wa Franco, yule mwanamuziki wa Kongo, ulipotoka mwaka 1985 tuliuandika kwenye daftari kwa jinsi masikio yalivyousikia, na kila mtoto alikuwa na toleo lake. Tuliapa ni wimbo wa mapenzi. Kaka mmoja wa mtaani aliuimba kila jioni akipita mbele ya nyumba ya binti aliyemtaka. Akaja dereva wa lori kutoka Lubumbashi, gari limemharibikia, akakaa siku tatu akingoja spea. Ndiye aliyetufungua macho: Mario ni kijana msomi, mzima wa afya, analishwa na mama mwenye pesa zake, na huyo mama sasa amemchoka. Yule kaka alibadilisha njia ya kupita. Lakini neno lenyewe lilibaki nchini, na leo mwanaume anayetunzwa na mwanamke anaitwa marioo hata na mtu ambaye hajawahi kumsikia Franco. Nyimbo nyingi huacha sauti tu. Huo umeongeza neno kwenye Kiswahili, tena la kutukania.

Kiswahili ndicho hakina udhuru. Chukueni "Sina Makosa" wa Les Wanyika, wale waliojitenga na Simba Wanyika kule Nairobi mwaka 1978, wengi wao wakiwa vijana wa Kitanzania. Sijapiga harusi hata moja ambayo kamati haikuuomba. Mwaka juzi mzee mmoja wa kanisa, mtu ambaye hata soda huiangalia kwa mashaka, aliinuka na leso nyeupe akaipunga tangu gitaa la kwanza hadi la mwisho, na mkewe nyuma yake akipiga vigelegele. Nikajisemea, mzee, laiti ungesimama kidogo ukasikiliza! Wimbo ule ni ugomvi wa wanaume wawili juu ya mwanamke ambaye si wa huyu wala si wa yule. Kila mmoja ana wake nyumbani. Utetezi wa mshitakiwa ni kwamba, kwa kuwa sote tuna wetu na huyu si wa yeyote kati yetu, hasira za nini? Hayo ndiyo "sina makosa" yenyewe! Ni sawa na mwizi wa kuku kumtuliza mwizi mwenzake kwa kumkumbusha kwamba kuku si wa kwao wote wawili.

Sasa jaribuni kuukataa. Besi ya wimbo ule ikianza kutembea, na yale magitaa yakianza kusemezana juu yake, masikio yote ukumbini yanahamia miguuni. Mimi mwenyewe, ninayejua kila neno, huwa najikuta natikisa kichwa. Waliotunga walijua walichokuwa wanafanya: jambo la aibu wakalivalisha suti.

Lakini jibu langu ni "Malaika", na nina shahidi.

Historia yake yenyewe ni kichekesho. Kijana anamwambia mpenzi wake kwamba angemwoa, ila mali hana. Basi. Fadhili William wa Kenya ndiye aliyeurekodi ukavuma miaka ya 1960. Miriam Makeba akaubeba hadi Marekani, akauimba na Harry Belafonte kwenye albamu ya 1965 iliyopata tuzo ya Grammy. Mwaka 1981 Boney M. nao wakautia disko. Huku nyuma watu wanavutana nani hasa aliutunga, wengine wakisema ni Fadhili, wengine Adam Salim, na majina mengine yakitajwa. Wimbo wa mtu asiye na mali, umegombaniwa kama mali ya marehemu.

Na ndio huo tunaowaingizia maharusi ukumbini.

Tukuyu, mwezi wa nne, mvua inapiga mabati mpaka mshereheshaji hasikiki. Naamriwa niongeze sauti, maharusi wanaingia. Naongeza. Mvua nayo, kama imeambiwa, inakatika ghafla, na kijana wa kwenye spika anabaki peke yake akilia umaskini mbele ya watu mia tatu. Baba wa bibi harusi, mzee wa Kinyakyusa mwenye koti la mvua ambalo hajalivua, ananiita kwa kidole.

"Mwanangu, huyu anayesema hana mali ni nani?"

"Ni wimbo tu, baba."

"Najua ni wimbo. Nakuuliza, umetumwa na upande gani?"

Nilikuwa sijui kwamba ng'ombe wawili wa mahari walikuwa bado hawajafika, na kwamba upande wa bwana harusi ulikuwa umeshaomba muda mara mbili. Meza ya wajomba ilikuwa imenyamaza kabisa. Mjomba mmoja wa kiumeni aliinamia pilau lake kama anayetafuta sindano. Maharusi wenyewe walikuwa wanakuja polepole, hatua moja mbele, nusu nyuma, wakitabasamu, na wimbo bado ulikuwa na dakika mbili.

Niliukata katikati, nikaweka kwaya.

Sijaacha kuupiga, kwa sababu maharusi wengi wanautaka na mimi naupenda. Ila siku hizi, kabla sijaupanga kwenye orodha, namtafuta mshenga pembeni namuuliza kwa sauti ya chini: ng'ombe wamekwisha?