Waya mweusi wa Toyota si ethi

Juzi nimemdaka mkono kijana wetu mpya. Yuko ndani ya Noah, dashibodi imefunguliwa, ameshamenya waya mweusi nyuma ya redio na anataka kuuunga na ethi (waya unaorudisha umeme kwenye bodi, yaani bati la gari) ya konveta, kile kifaa kinachopokea waya wa spika na kuipeleka sauti kwenye amplifaya. Nikamuuliza, kwa nini huo? Akanijibu kwa kujiamini kabisa, "Kaka, mweusi si ndiyo ethi?" Wiki moja kabla, mwenzake alifanya hivyohivyo kwenye Probox. Nawapenda hawa vijana, wanakuja asubuhi kuliko mimi na hawachoki. Lakini siwezi kuendelea kudaka mikono kila siku, kwa hiyo naandika, kwa hao wawili na kwa yeyote anayeanza kufunga amplifaya kwenye redio iliyokuja na gari.

1. Rangi. Zile rangi za redio za dukani, njano betri, nyekundu swichi (umeme unaokuja ukizungusha ufunguo), nyeusi ethi, ziacheni hukohuko dukani. Kwenye Toyota nyingi ile plagi ndogo ya pini 6 ina nyekundu, nyeupe, nyeusi na njano, na zote nne ni za spika za nyuma. Nyekundu ni chanya ya kulia, nyeupe hasi yake. Nyeusi ni chanya ya kushoto, njano hasi yake. Umeme uko kwenye plagi kubwa ya pini 10: bluu yenye mstari wa njano ndiyo betri, kijivu swichi, kahawia ethi. Na hata hizo pimeni kwanza, maana gari la mkononi limeshapita kwa mafundi ambao hamwajui. Nimewahi kufungua gari nikakuta spika ya mlangoni imeungwa kwa waya wa pasi, rangi zote zimeishia kwenye fundo moja la tepu nyeusi.

2. Hasi ya spika haigusi bodi. Kamwe.

Hapa nivumilieni, kwa sababu hili nililipa.

Nilikuwa na miezi kama minane kazini, najiona nimeiva. Akaja mzee mmoja na Mark X, safi, imetoka bandarini muda si mrefu, redio yake ya kioo ileile ya Japani, kamera ya nyuma inaonekana humo. Hakutaka redio ibadilishwe. Alitaka sabufa moja tu kwenye buti. Bosi wangu alikuwa ametoka kufuata vifaa. Konveta hatukuwa nayo, na mimi sikutaka mzee asubiri. Nikachukua waya wa RCA, ule wa kuingizia sauti kwenye amplifaya, nikaukata kichwa kimoja, nikaunga wa katikati kwenye chanya ya spika na ule wavu wa nje kwenye hasi. Kichwa kingine nikachomeka kwenye amplifaya. Mantiki yangu ilikuwa kwamba sauti ni sauti, na hasi ni hasi.

Nikawasha. Sabufa ikaguna mara moja, ikanyamaza. Nikadhani sauti iko chini, nikapandisha. Kimya. Nikapandisha tena. Ndipo ikaja ile harufu, na nilipogusa mgongo wa redio nikaondoa mkono haraka. Kioo bado kilikuwa kinawaka vizuri, picha ya kamera ipo, ila spika zote za gari zilikuwa zimekufa.

Kuunguza redio ni ajali ya kazi. Lililoniuma mpaka leo ni nilichofanya baada ya hapo. Nilimwambia mzee kwamba redio ilikuja na ugonjwa wake, hizi za Japani ndivyo zilivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Sawa fundi, wewe ndiye unayejua." Akakaa kwenye benchi kumsubiri bosi, ananiletea na maji ya kunywa.

Bosi alirudi, akainama, akafuata ule waya wa RCA kwa vidole tangu redio mpaka buti. Hakupaza sauti. Aliniuliza tu, "Hasi ya spika umeipeleka wapi?" Nikasema kwenye amplifaya. "Na amplifaya ethi yake iko wapi?" Kwenye bodi. Akanyamaza akiniangalia. Kisha akaenda kwa mzee, akamweleza ukweli wote mbele yangu. Tulitafuta redio nyingine iliyotumika, na bei yake ilikatwa kwenye posho yangu miezi minne. Mzee nilimwomba radhi siku ile anachukua gari. Alinipa mkono.

Sasa chukueni mita, fanyeni hivi kwenye gari lolote kabla hamjakata kitu. Washa redio, mita iwe DC, ncha nyeusi kwenye bodi, ncha nyekundu kwenye hasi ya spika. Mtasoma karibu volti 6, siyo sifuri. Hamishia kwenye chanya, karibu 6 tena. Pima waya kwa waya, karibu sifuri. Ile IC ya redio, chipu inayokuza sauti, inaisukuma spika kutoka pande zote mbili, kila upande umekaa katikati ya umeme wa betri, na sauti ni ile tofauti ndogo kati yao. Ukishusha upande mmoja kwenye bodi, umeipiga shoti IC. Ndiyo maana ipo konveta yenye transfoma ndani, au amplifaya yenye ingizo la waya wa spika. Na konveta za bei ya chini pimeni kabla ya kuzifunga: mita iwe kwenye mlio, ncha moja kwenye hasi ya kuingilia, nyingine kwenye ganda la RCA. Ikilia, hasi hizo mbili zimeungana, irudisheni dukani.

3. Waya wa kuwashia amplifaya haupo kwenye redio nyingi za kiwandani. Chukueni kwenye kijivu, msichukue betri moja kwa moja, mteja ataamka gari haliwaki.

4. Fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betri. Ethi kwangueni rangi mpaka bati ling'ae, waya mfupi, unene sawa na wa betri. Waya wa umeme upite upande mmoja wa gari na wa sauti upande mwingine, la sivyo altaneta itapiga filimbi kila mteja akikanyaga mafuta. Na mtu akikuletea amplifaya iliyoandikwa wati 1000 yenye fyuzi ya ampia 20, mpigie hesabu mbele yake: 20 mara 13.8 ni 276, na hizo ndizo zinazoingia, zinazotoka ni pungufu. Mwambie kabla hujafunga, asije kukulaumu wewe.

5. Geini, kile kitufe cha amplifaya cha kuilinganisha na nguvu ya sauti inayoingia, siyo sauti. Anzeni chini kabisa.

6. Kabla ya kurudisha dashibodi, jaribuni spika moja moja, kisha hazadi, zile taa za dharura. Swichi ya hazadi ina plagi yake, na ni rahisi kuisahau imening'inia nyuma. Mama mmoja alirudi kwetu usiku, gari limemharibikia barabarani na hazadi haziwaki, malori yanapita pembeni yake. Aliweka matawi ya miti nyuma ya gari.