"Na huyu ni wa nani?"

Wiki hii mmeuliza: aliyelelewa katika familia ya mapokezi anaibebaje huzuni ya Noeli na Bonane, yaani Mwaka Mpya? Mimi ninayo tangu tarehe 17 Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ilipotema moto mpaka katikati ya Goma. Nilikuwa na miaka 5. Watu walikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na katika msukumano ule mkono wa mama ukaniponyoka. Msalaba Mwekundu waliandika jina langu. Hakuna aliyekuja kuliuliza. Mama mmoja wa mtaa wa Katindo akanipokea.

Sikunyimwa kitu, niseme ukweli. Kitenge changu cha Bonane kilikatwa gora moja na cha watoto wake. Walioniumiza ni wageni. Wanaingia, wanahesabu watoto sebuleni, kidole kinafika kwangu: "Na huyu ni wa nani?" Mama anajibu, "Ni wetu," lakini kabla ya jibu anameza mate kidogo, na kila mwaka nilikuwa nayasikia yale mate.

Nikagundua kwamba jikoni hakuna anayeulizwa ni wa nani. Nikajitwalia sambaza (samaki wadogo wa ziwa Kivu): kuzisafisha, kuzikaanga, kuchunga makaa yasizimike. Yaya, mtoto mkubwa wa mama, akawa anakuja kuketi karibu yangu na kumenya viazi, bila neno. (Wale wa "furahi, leo ni sikukuu" wangeenda kwake wafundishwe.)

Kwa sheria, utoto unaishia miaka 18. Nilipoifikisha, mwaka 2015, aliyekuwa akinifuatilia alifunga faili, nami nikapanga chumba Ndosho. Noeli ile nilishinda kitandani nikingoja kualikwa. Kumbe mama naye alikuwa amepika, ananingoja: kwake yeye, mtoto haalikwi kwao. Tulikuja kuelewana Februari, tumekutana sokoni Virunga, kila mmoja amenuna.

Siku hizi singoji. Tarehe 24 jioni nafika na sambaza zangu, nachukua kisu. Mama aliyenizaa nimempa siku yake, tarehe 17 Januari. Hapo nalia mpaka nachoka, na Noeli haibebeshwi mzigo wote. Nawasha mshumaa juu ya mabanga, yale mawe ya volkano, upepo unauzima, nawasha tena. Safari iliyopita mama wa Katindo aliniuliza kama anaweza kuja. Alikuja na kiberiti chake.

Msomaji, Ndosho, Goma