Maswali na majibu: kusomea uwekezaji mbadala na ujenzi wa jalada (mkusanyiko wa mali za mwekezaji)

Maswali mengi safari hii yametoka kwa wanaojiandaa na mitihani ya CAIA, cheti cha wachambuzi wa uwekezaji mbadala: majengo, kampuni zisizoorodheshwa sokoni (kampuni binafsi), hejifandi (mifuko ya uwekezaji yenye mbinu huru, kama kukopa na kubashiri bei kushuka), miundombinu na bidhaa ghafi.

Nina cheti cha CFA, kile cha wachambuzi wa fedha na uwekezaji, tayari. Lazima nianzie ngazi ya kwanza?

Hapana. CAIA ina ngazi mbili, mitihani hufanyika Machi na Septemba, na wenye CFA wamefunguliwa njia ya kuingia ngazi ya pili moja kwa moja. Hata hivyo, pitia vitabu vya ngazi ya kwanza kabla hujajiandikisha, hasa sura za ada za mameneja na za mtiririko wa fedha katika mifuko ya kampuni binafsi. Ngazi ya pili inachukulia kwamba hayo unayajua.

Kila nikiingiza takwimu za majengo kwenye programu ya kupanga jalada, inaniambia niweke humo karibu fedha zote. Nimekosea wapi?

Hesabu yako huenda ni sahihi kabisa. Tatizo liko kwenye takwimu ulizoingiza, na ningependa kila mwanafunzi akutane nalo mapema, kwa sababu nusu ya somo hili imejificha hapo.

Bei ya hisa hupatikana sokoni kila siku. Thamani ya jengo hukadiriwa na mthamini, tena mara chache kwa mwaka, naye huanzia kwenye makadirio yaliyopita na kusogea kidogo kidogo. Tuseme thamani anayoitoa hubeba asilimia 40 ya badiliko halisi la robo hii ya mwaka na asilimia 60 ya badiliko lililoripotiwa robo iliyopita. Ukikokotoa, utakuta kipimo cha kuyumba kinachoripotiwa ni nusu tu ya kile halisi. Ripoti ikisema asilimia 6, ukweli ni 12. Uwiano wake na hisa, yaani kiasi ambacho hupanda na kushuka pamoja nazo, nao huonekana mdogo kuliko ulivyo, kwa kuwa habari mbaya huifikia ripoti ikiwa imechelewa. Ndiyo maana programu huyaona majengo kuwa salama kuliko yalivyo na kuyajaza fedha.

Ili kurudisha sura halisi, chukua faida ya robo hii, toa asilimia 60 ya faida ya robo iliyopita, kisha gawanya kwa 0.4. Robo iliyopita iliripoti faida ya asilimia 2, na hii ya sasa hasara ya asilimia 1? Badiliko halisi ni hasara ya asilimia 5.5. Fanya zoezi hili kwa kalamu mpaka likukae mkononi.

Ukishasahihisha takwimu, bado usiiamini programu kupita kiasi. Njia ya kupanga jalada kwa kupima faida dhidi ya hatari, aliyoiandika mwanauchumi Harry Markowitz mwaka 1952, ni imara kihisabati, lakini mgawo wake hubadilika sana ukigusa kidogo tu makadirio ya faida. Ndiyo maana wataalamu huweka ukomo kwa kila aina ya mali, au hutumia njia ya Fischer Black na Robert Litterman, ambayo huanza na mgawo wa soko lenyewe na kusogea tu pale mwekezaji anapokuwa na maoni na sababu za kuyaamini.

Mfuko wenye IRR kubwa (kiwango cha faida kwa mwaka kinachozingatia fedha ziliingia na kutoka lini) ndio bora, sivyo?

Sivyo. Mfuko wa kwanza umechukua 100 na kurudisha 120 baada ya mwaka mmoja: IRR ni asilimia 20. Wa pili umechukua 100 na kurudisha 200 baada ya miaka mitano: IRR haifiki hata asilimia 15. Wa kwanza umekuachia faida ya 20, wa pili ya 100. Yupi bora? Inategemea zile 120 ungezipeleka wapi kwa miaka minne iliyobaki, na IRR haijibu swali hilo. Soma IRR pamoja na idadi ya mara ambazo fedha zimejizidisha, kisha linganisha na ambacho fedha hizo hizo zingezaa kwenye soko la hisa kwa tarehe zile zile.

Maswali ya kuchagua nayaweza, ya kujieleza yananiangusha. Nifanyeje?

Ngazi ya pili ina yote mawili. Andika majibu kamili ukiwa na saa mbele yako, tangu wiki za mwanzo. Tazama kitenzi cha swali: ukiambiwa ueleze, toa sababu, ukiambiwa ukokotoe, onyesha hatua. Sentensi mbili zinazojibu lililoulizwa zina alama nyingi kuliko ukurasa wa yote unayoyajua.

Mwekezaji anawezaje kuvuka kikomo chake cha mali mbadala bila kununua chochote?

Kwa soko kushuka. Ana 80 kwenye hisa na 20 kwenye kampuni binafsi, na kikomo chake ni asilimia 20. Hisa zikianguka kwa robo, zinabaki 60. Zile 20 hazijathaminiwa upya, kwa hiyo jumla ni 80 na sehemu ya kampuni binafsi imefika asilimia 25. Wawekezaji wakubwa walibanwa hivi mwaka 2008, na tena 2022.

Kibaya zaidi, aliyeahidi kuupa mfuko mtaji, ambao meneja wake huuita kwa awamu, bado anadaiwa. Meneja akiita fedha, hawezi kumwambia asubiri hisa zipande. Itabidi auze hisa kwa bei ya chini, au auze nafasi yake kwenye mfuko kwa punguzo. Kwa hiyo mtihanini, ukipewa jalada lenye mali zisizouzika haraka, tafuta kwanza kiasi cha ahadi ambazo hazijalipwa, kisha ukilinganishe na fedha ambazo mwekezaji anaweza kuzipata ndani ya mwaka. Watahiniwa wengi huangalia mgawo wa asilimia tu na kuruka mstari huo.