Maswali ya Wasomaji: Durham au Kansas City?

Arusha ina undugu na miji kadhaa ya nje, na miwili kati ya hiyo iko Marekani: Durham katika jimbo la North Carolina, na Kansas City, Missouri, ambao undugu wake na Arusha ulianza mwaka 1995. Barua nyingi za mwezi huu zimeelekea huko. Za viza tumeziweka pembeni, maana masharti yake hubadilika kila mara na wa kuulizwa ni ubalozi.

SWALI: Mdogo wangu wa kike amemaliza masomo huko huko Marekani na ameitwa kazini sehemu mbili, Durham na Kansas City. Mishahara haipishani sana. Hana gari, hanywi pombe, anapenda muziki na kukaa ndani hawezi. Mimi namwambia aende mji mkubwa, yeye anasita. Tumshauri vipi?
*Dada Mkubwa, Njiro, Arusha*

JIBU: Dada Mkubwa, kabla hamjabishana juu ya ukubwa wa mji, muulize ofisi iko mtaa gani. Kazi nyingi zinazotangazwa kuwa za Durham ziko Research Triangle Park, eneo la maabara na makampuni lililoanzishwa mwaka 1959 kati ya Durham na Raleigh. Pale ni miti, barabara pana na majengo yaliyoachana mbali. Asiye na gari huishi kwa kusubiri basi, na jioni hakuna pa kwenda. Ikiwa ofisi iko katikati ya mji au Chuo Kikuu cha Duke, hapo Durham inakuwa mji mwingine: kazini, sokoni na kwenye maonyesho anakwenda kwa miguu.

Sensa ya 2020 iliikuta Durham na watu kama 283,000 na Kansas City 508,000, ila tofauti halisi ni kubwa zaidi ya hapo. Kansas City imetapakaa majimbo mawili. Upande mmoja wa barabara ya State Line ni Missouri, upande wa pili ni Kansas, na ukijumlisha vitongoji vyote watu wanapita milioni mbili. Ni mji wa gari. Kinachomwokoa mtembea kwa miguu ni tramu ya Main Street, ambayo haijatoza nauli tangu ilipoanza mwaka 2016, na Oktoba 2025 ilirefushwa kutoka stesheni ya Union Station mpaka chuo kikuu cha UMKC. Akipanga chumba dakika kumi kutoka kituo chochote cha tramu, anafika soko la City Market, mtaa wa wasanii wa Crossroads, na hata jumba la sanaa la Nelson-Atkins ambalo kiingilio ni bure. Akipanga mbali na reli hiyo kwa sababu kodi ni nafuu, nafuu hiyo itaishia kwenye teksi.

Sasa suala la watu. Kwa maoni yetu Kansas City ni mji wa kujumuika hadharani na Durham ni mji wa ratiba. Kansas City huhitaji kujua mtu ili uanze: Ijumaa ya kwanza ya mwezi Crossroads hufungua studio zake na watu hujaa barabarani. Siku ya mechi ya Chiefs, timu ya mpira wa Kimarekani, maegesho ya uwanja wa Arrowhead hugeuka sherehe saa nyingi kabla ya mpira, kila gari na jiko lake nyuma ya buti. Mwenye adabu haji mikono mitupu: alete soda, barafu au mkate, na asaidie kukunja viti kabla ya kuingia uwanjani. Uwanja uko nje ya katikati ya mji na tramu haifiki, kwa hiyo apange usafiri wa kurudi kabla hajaondoka nyumbani.

Tatizo la Kansas City huja baadaye. Wengi wamekulia pale pale na marafiki zao ni wa tangu shule. Watamchangamkia sana Jumapili, na Jumatano hakuna anayepiga simu. Hapo usiseme watu wana roho mbaya, ni kwamba nafasi zimeshajaa. Dawa yake ni kitu cha kila wiki chenye mahudhurio: kwaya, timu ya mtaa, darasa la jioni. Kwaya ya kanisa la Weusi ndiyo njia ya haraka kuliko zote, ila aende siku ya mazoezi. Ibada ya Jumapili peke yake haimfahamishi kwa mtu.

Durham ni kinyume chake. Karibu kila mtu ni mgeni, amekuja kusoma, kutibu au kufanya utafiti, na wote wanatafuta rafiki. Lakini hawapatikani barabarani. Wanapatikana kwenye tukio lenye tarehe. Jumamosi asubuhi kuna soko la wakulima pale Durham Central Park, kuanzia Aprili hadi Novemba linafunguliwa saa mbili. Ijumaa ya tatu ya mwezi ni ya majumba ya sanaa. Aprili ni tamasha la filamu za ukweli liitwalo Full Frame, Juni na Julai ni American Dance Festival, tamasha la dansi lililohamia Durham mwaka 1978. Ukumbi mkubwa wa DPAC wenye viti kama 2,700 unapakana na uwanja wa besiboli wa timu ya Durham Bulls. Besiboli yenyewe ni ya polepole, lakini ndiyo sababu inafaa kwa maongezi, na tiketi zake si ghali. Uwanjani kuna bango la fahali: mchezaji akilipiga fahali anashinda steki, akipiga majani yaliyo chini yake anashinda saladi.

Mpira wa kikapu wa Duke asiuhesabie. Uwanja wa Cameron una viti 9,314, na wanafunzi hulala kwenye mahema kwa wiki kadhaa kugombea nafasi ya mechi na Chuo Kikuu cha North Carolina. Afadhali aende upande wa pili wa mji, North Carolina Central University, chuo cha Weusi kilichoanzishwa mwaka 1910. Bendi yao ya tarumbeta peke yake inatosha kumtoa mtu nyumbani.

Ubaya wa Durham ni kwamba marafiki hao wanamaliza masomo na kuondoka. Kila baada ya miaka miwili mitatu mtu anaanza upya. Na baridi? Durham ni nafuu. Kansas City Januari maji huganda barabarani, na Jumatano ya kwanza ya mwezi saa tano asubuhi asishtuke akisikia ving'ora: ni majaribio ya tahadhari ya kimbunga. Siku nyingine vikilia, ashuke chini ya jengo mara moja.

Kwa sifa ulizotaja sisi tungempeleka Durham, lakini ofisi ikiwa Research Triangle Park tungebadili jibu na kumpeleka Kansas City, kwenye reli ya tramu. Kiswahili atakisikia kote kuwili, kwa kuwa miji yote miwili imepokea wakimbizi kutoka Kongo. Azoee tu kuwa chao si cha Njiro.

SWALI: Nasikia Kansas City ni mji wa jazi. Je, jazi bado ipo au imebaki makumbusho? Na Durham wana nini?
*Mzee wa Gitaa, Sakina, Arusha*

JIBU: Shikamoo mzee. Ipo, ila uchague saa. Asili yake ni siasa chafu: miaka ya 1920 na 1930 mji ulikuwa mikononi mwa bosi wa chama, Tom Pendergast, na marufuku ya pombe iliyowekwa nchi nzima pale haikuhesabiwa. Vilabu havikufungwa, wanamuziki walikuwa na kazi usiku kucha, na ushindani ule ndio uliomkuza mpiga saksafoni Charlie Parker, aliyezaliwa mwaka 1920, na bendi ya Count Basie. Pendergast alifungwa mwaka 1939 kwa kukwepa kodi, vilabu vikafifia.

Mchana nenda kona ya 18th na Vine. Makumbusho ya jazi na makumbusho ya ligi za besiboli za Weusi zimo jengo moja, na ya besiboli ndiyo bora zaidi. Usiku nenda Mutual Musicians Foundation, jengo la uliokuwa muungano wa wanamuziki Weusi. Ijumaa na Jumamosi wapigaji wakishamaliza kazi zao kwingine hukusanyika pale, na muziki huanza baada ya saa sita usiku. Anayefika saa tatu atakuta giza. Tramu haipiti mtaa huo; ni kama kilomita mbili kutoka Main Street, na usiku huo usitembee.

Durham ilikuwa na bluzi, nayo ililetwa na tumbaku. Wakulima walikuja mnadani vuli, wakalipwa taslimu, na nje ya maghala walikuwa wanasubiriwa na wapiga gitaa kama Blind Boy Fuller na Gary Davis. Mtindo wao ni wa vidole, dole gumba likishika besi na vingine vikicheza wimbo. Mzee wa gitaa utauelewa papo hapo. Mtaa wao wa Hayti ulivunjwa kwa sehemu kubwa ilipopitishwa barabara kuu ya 147. Kilichosalia ni kanisa la zamani la St. Joseph's, sasa Hayti Heritage Center, ambako bado kuna maonyesho. Ukiwa huko pita pia Parrish Street, mtaa wa benki na bima za Weusi. Kampuni ya bima ya North Carolina Mutual ilianzishwa mjini humo mwaka 1898, wakati ambapo Mweusi wa kusini hata kura alikuwa ananyang'anywa.

SWALI: Mimi nina jiko la nyama. Nataka kuwapikia wageni "burnt ends" za Kansas City hapa Arusha. Nimejaribu mara mbili, nyama inakauka kama kamba. Tatizo nini?
*Mchoma Nyama, Kwa Mrombo, Arusha*

JIBU: Kaka, tatizo ni ng'ombe, moto na mwinuko. Burnt ends, yaani vipande vya nyama ya moshi vyenye kingo nyeusi, hukatwa kwenye kidari, tena ule upande mnene wenye mafuta. Kidari cha ng'ombe wa Marekani kina kilo 5 hadi 7 na mafuta yamepenya ndani ya nyama. Cha ng'ombe wetu wa kienyeji ni chembamba na kikavu, na ukikipa saa kumi lazima kikauke. Agiza kidari cha ng'ombe wa maziwa aliyenenepa, au tumia nundu. Si desturi ya Kansas City, lakini nundu ina mafuta na nyuzi zinazolainika polepole, ndicho unachokitafuta.

Moto: huku kwetu nyama inakaa juu ya makaa, kule inakaa pembeni yake. Kata pipa, makaa upande mmoja, nyama upande wa pili, mfuniko juu, joto la ndani 110 hadi 120°C. Wao hutumia kuni za hickory. Kuni kavu za mparachichi au mwembe zinafaa. Mikaratusi na misonobari usiguse, moshi wake unachachusha ladha. Moshi uwe mwembamba wa samawati. Ukiwa mweupe mzito, fungua hewa.

Paka chumvi, pilipili manga, paprika na sukari ya kahawia. Hesabu saa mbili hadi mbili na nusu kwa kila kilo. Nyama ikifika 65 hadi 75°C ndani, joto litagoma kupanda kwa saa kadhaa, kwa sababu jasho linalotoka juu linaipoza. Wengi hapo huongeza kuni na kuharibu kila kitu. Wewe ifunge kwa karatasi ya foili na usubiri.

Mwinuko ndio usioandikwa kwenye mapishi yao. Wao hutoa nyama ikifika 95°C. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka kwenye 95°C hiyo hiyo, kwa hiyo ukingojea namba yao unachemsha maji yote yatoke. Anza kupima kwenye 90: choma uma, uzungushe. Ukizunguka bila kubanwa, toa. Ipumzishe nusu saa, kata vipande vya sentimita 3, vichanganye na sosi ya nyanya, siki na sukari guru, kisha virudishe kwenye moshi saa moja bila mfuniko wa foili, mpaka kingo ziwe nyeusi na zinate.

SWALI: Mwanangu ni Mwislamu na anaishi huko. Ikiwa nyama yao ni ya ng'ombe, kuna shida gani?
*Baba wa Watatu, Majengo, Moshi*

JIBU: Baba, ziko shida mbili. Kwanza uchinjaji, na pili majiko: Kansas City nguruwe na ng'ombe hukaa kwenye moshi mmoja, mara nyingi ubao mmoja na kisu kimoja. Maharage yao hutiwa mabaki ya nyama. Durham ni pagumu zaidi, kwa sababu North Carolina wakisema barbeque wanamaanisha nguruwe, wa siki na pilipili. Mboga za majani zinazofanana na sukuma huwekewa mfupa wa nguruwe kuongeza ladha, na mwenyeji anaweza kusema kwa moyo safi kwamba hazina nyama. Aulize zimepikwa na nini, asiulize kama zina nyama. Akialikwa, aende na samaki wake na foili.

SWALI: Mpira wa miguu upo?
*Mwanamichezo, Pasua, Moshi*

JIBU: Upo, na Kansas City inaongoza. Ni mmoja wa miji 16 ya Kombe la Dunia la 2026, ulipangiwa mechi 6 ikiwemo robo fainali. Timu ya wanawake, Kansas City Current, ina uwanja wake wa viti 11,500 uliofunguliwa Machi 2024 kando ya mto, na Temwa Chawinga wa Malawi alifunga mabao 20 msimu huo na kuwa mchezaji bora wa ligi. Wa Durham huenda mji jirani wa Cary kuwatazama wanawake wa North Carolina Courage. Bila gari, kurudi usiku ni kazi.