Stempu za babu na birika la maji ya moto

SWALI: Shikamoo mzee. Naandika kutoka Nachingwea. Babu alikuwa kibarua wa mradi wa karanga wa enzi za Mwingereza. Nimepata bahasha aliyomtumia nduguye Unguja, ina muhuri wa Lindi na stempu za Mfalme George wa Sita zenye miaka 1874 na 1949. Bwana mmoja Mtwara mjini anasema ni mamilioni: nizibandue kwa maji ya moto, nizipige laminesheni, nimpe laki mbili za "kibali" atafute mnunuzi. Ni kweli?

JIBU: Marahaba. Laki mbili zibaki mfukoni na birika libaki jikoni.

Hizo ni stempu za kuadhimisha miaka 75 ya Umoja wa Posta Duniani. Makoloni chungu nzima ya Uingereza yalitoa za kwao mwaka huohuo, na zilichapwa kwa wingi. Zikibanduliwa, bei yake haifiki hata nauli yako ya kuja Lindi. Uzee si bei! Nimelisema hili mpaka sauti imekauka.

Chenye maana ni bahasha nzima. Zamani barua ya kuvuka mipaka ilihesabiwa gharama kwa kila nchi inayopita. Tarehe 9 Oktoba 1874, nchi 22 zilianzisha umoja huo huko Bern, Uswisi, zikakubaliana kwamba kwa upande wa barua nchi zote hizo ni eneo moja: anayetuma analipa kwao, na kule inakofika mpokeaji hadaiwi tena. Sasa tazama ya babu yako. Mwaka 1949 Zanzibar ilikuwa na posta yake na stempu zake, lakini stempu ya pamoja ya Kenya, Uganda na Tanganyika iliyogongwa muhuri Lindi ilitosha kuifikisha Unguja. Stempu, muhuri, tarehe na anwani vikiwa pamoja, makubaliano ya Bern unayaona kwa macho. Ukibandua, unabaki na vikaratasi.

Laminesheni ndiyo mazishi kabisa, maana plastiki ile huyeyushwa kwa moto na haibanduki.

Na huyo bwana wa kibali namfahamu bila kumwona. Wenzake jana walikuwa wanatafuta rupia ya Mjerumani, leo wamehamia kwenye stempu. Mnunuzi gani anaanza kwa kukudai wewe?

Itie kwenye karatasi safi, mbali na jua na unyevu, uje nayo kama ilivyo. Mwezi uliopita mama mmoja wa Mingoyo aliniletea stempu sita, zimepigwa laminesheni, zinang'aa kama kitambulisho. Nikamuuliza bahasha ziko wapi. Alikuwa amewashia mkaa.