Madirisha meupe pe, zulia giza

Dada, kamera yako nzima. Umeuliza kwa nini ndani ya msikiti wa Old Kampala madirisha yanatoka meupe pe huku zulia likizama gizani: tofauti ya mwanga pale inazidi uwezo wa kihisio (sehemu ya kamera inayopokea mwanga) kwa picha moja. Piga picha tatu zilezile, kila moja kwa mwanga tofauti. Kamera kwenye stendi (omba ruhusa kwanza), ISO (wepesi wa kihisio kwa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8 na usiliguse tena. Badilisha kasi ya shata tu. Tuseme picha ya kati ni sekunde 1/4: ya vioo vya madirisha iwe 1/15, ya zulia iwe sekunde 1 nzima. Hifadhi kwa RAW (faili ghafi la kamera), kisha ziunganishe kwenye programu ya Lightroom, au Luminance HDR ambayo ni ya bure. Mtu akikatiza katikati, atatokea kama mzimu. Mimi nina mzee mmoja mwenye kanzu tatu!

Usizidishe rangi tu, mawingu yakaonekana kama kitenge. Na sokoni Owino usijisumbue na picha tatu, hakuna anayetulia: piga moja ya RAW ukilinda sehemu angavu, vivuli utavipandisha nyumbani.